Matairi Pacha ya Gari la Mazao

Ndugu wakulima, leo sitazungumza juu ya mbolea wala dawa ya nyanya. Nataka tuzungumze juu ya gari linalobeba mazao yenu, hasa yale magari madogo ya mizigo kama Canter, yenye matairi mawili mawili nyuma. Ndiyo yanayoshusha kabichi, karoti na viazi kutoka Nyandira na Langali, na ndizi kutoka Kinole na Matombo, kuja Morogoro mjini na kuendelea mpaka Dar es Salaam.

Pengine mwingine atauliza, "Bwana Shamba, matairi yananihusu nini mimi? Gari si langu." Yanakuhusu, ndugu yangu. Tairi likipasuka mteremkoni, kabichi zitakazolala njiani na kuoza ni zako, na huenda wewe mwenyewe umekaa juu ya mzigo. Tena, bei ya tairi jipya mwenye gari huitia katika nauli ya kila gunia.

Kwanza tuelewe kazi ya matairi pacha. Wengi hudhani matairi mawili hubeba mara mbili ya tairi moja. Si hivyo. Soma maandishi ya ubavuni. Kwa mfano, tairi la 7.50R16 lenye alama 122/118. Namba ya kwanza ni ya tairi likifungwa peke yake: hubeba kilo 1500. Namba ya pili ni ya tairi likifungwa pacha: kilo 1320 tu. Limepunguziwa mzigo kwa sababu barabara ina mgongo na mashimo, na uzito haugawanyiki sawasawa. Kwa hiyo pacha wawili hubeba kilo 2640, siyo 3000.

Sasa, la ndani likipungua upepo, la nje hubebeshwa karibu mzigo wote, kupita nguvu zake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini hapa si usufi hata kidogo. Ubaya ni kwamba ukitazama kwa macho huoni kitu, maana la nje linalishikilia gari wima. La ndani linakunjwakunjwa mbavu, linapata moto, linasuguana na mwenzake, na mwishowe linachanika au hata kuwaka. La nje nalo haliishi siku nyingi baada ya hapo.

Basi dawa yake ni nini? Upepo upimwe asubuhi, gari halijatembea, matairi yakiwa baridi. Upimwe kwa geji. Ile desturi ya utingo kugonga matairi kwa chuma inatambua tairi lililokwisha kabisa, haitambui lililopungua. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibao cha mlangoni au katika kitabu cha gari. Tuseme ni paundi 80. Ukikuta tairi lina 64, yaani limepungua sehemu moja katika tano, lihesabu kuwa ni pancha. Lifunguliwe lichunguzwe kabla ya kupakia. Na pacha wawili wasipishane zaidi ya paundi 5. Njiani, tairi likiwa la moto, usilitoe upepo hata kama geji inasoma juu. Ni joto tu. Likipoa litarudi mahali pake, na ukilitoa litakuwa pungufu.

Jambo la pili ni urefu wa matairi. Kuna tabia ya kufunga tairi jipya pamoja na kipara ili kubana matumizi. Hebu tufanye hesabu. Matairi pacha huzunguka pamoja kwa idadi ileile. Moja likiwa na kipenyo cha sentimita 80 na mwenzake 79, basi katika kila kilomita moja lile dogo linaburutwa mita 12 hivi. Kutoka Morogoro mpaka Dar es Salaam, kilomita 190 na ushee, limeburutwa zaidi ya kilomita mbili. Hapo hujabana matumizi, umeyaongeza. Chukua kamba, zungushia kila tairi likiwa na upepo wake kamili, kisha linganisha. Kamba zisipishane zaidi ya sentimita mbili. Zikipishana kidogo ndani ya kipimo hicho, lile kubwa likae nje.

Tatu, kubadilishana nafasi. Matairi ya mbele huisha kwa namna yake na ya nyuma kwa namna yake. Yahamishwe kila baada ya kilomita 10,000 hivi, au mapema zaidi ukiona meno yanaisha upande mmoja. Yaliyo bora yakae mbele, kwenye usukani, na yaliyolingana yafungwe pacha. Baada ya kufunga, nati zikazwe tena gari likishatembea kilomita 50 mpaka 100. Kwa magari yenye nati mbili mbili, ya ndani na ya nje, legeza kwanza ya nje, kaza ya ndani, kisha rudisha ya nje. Usipofanya hivyo, tairi la ndani linabaki limelegea. Na kila mnaposimama, utingo achungulie katikati ya pacha. Barabara zetu za milimani zina mawe, na jiwe moja lililobanwa pale hula matairi yote mawili.

Mwisho, upo wajibu wetu sisi wakulima. Dereva huhesabu magunia, lakini tairi huhesabu kilo. Magunia 30 ya kilo 100 ni tani tatu. Yakifungwa lumbesa, kila moja likazidi kilo 30, umeongeza kilo 900 bila gunia hata moja kuongezeka. Lumbesa inampunja mkulima sokoni, na huku barabarani inampasulia tairi.

Kwa hiyo, siku ya kukodi gari, usione haya. Mwambie dereva kwa upole, "Ndugu yangu, tupime kwanza lile la ndani." Ni kazi ya dakika chache. Akikataa, tafuta gari jingine, hasa wakati wa masika.