Kutoka Ziwa Manyara hadi Arusha: Kilomita na Dakika



Kiwanja cha ndege cha Ziwa Manyara, kilichopo wilayani Karatu juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kipo takriban kilomita 90 za angani magharibi ya Kiwanja cha Arusha, Kisongo. Ndege ndogo hutumia dakika 20 hadi 30. Barabara, ipitayo Mto wa Mbu na Makuyuni, hurefuka hadi kilomita 120 hivi. Gari huhitaji takriban saa mbili.

Hata hivyo, abiria atokaye Ngorongoro asihesabu dakika za angani pekee. Ukungu wa ukingo wa kreta hupunguza mwendo wa magari asubuhi, na ndege haimsubiri aliyechelewa langoni Lodoare. Amsindikizaye mgonjwa, hasa, aianze safari mapema.