Sahihi 2,000 Katika Kaunti 24: Mlango wa Mgombea Huru wa Urais

Haya ni mazungumzo ya afisa wa elimu ya uraia mbele ya wakazi waliokusanyika barazani. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nijibu swali ambalo huulizwa kila uchaguzi mkuu unapopita: mbona fulani alizunguka akisema anawania urais, na siku ya kura hatukuliona jina lake? Mara nyingi jibu liko katika hesabu ya sahihi.

Kabla ya Katiba ya 2010, mtu asiye na chama hakuweza kuwania urais. Katiba mpya ilifungua mlango huo, lakini ikaweka kizingiti. Kifungu cha 137 kinasema anayetaka urais awe raia wa Kenya kwa kuzaliwa, awe na sifa za kuwania ubunge, na aidha ateuliwe na chama au awe mgombea huru. Kisha aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila mojawapo ya kaunti zilizo zaidi ya nusu. Tuna kaunti 47, kwa hiyo zaidi ya nusu ni 24. Mara 2,000, hizo ni sahihi 48,000 kwa uchache.

Hapo wengi hukosea. Ukikusanya sahihi 100,000 Nairobi na Kiambu pekee, hujafika. Sahihi zinazozidi katika kaunti moja haziwezi kufidia upungufu wa kaunti nyingine. Lamu yenye watu wachache inahesabiwa sawa na Nairobi. Ndiyo maana kaunti kama yetu ina uzito katika jambo hili, iwe kubwa au ndogo.

Sharti hilo ni la wote, mwenye chama na asiye na chama. Tofauti iko katika nguvu za kulitimiza. Chama kikubwa kina ofisi, wanachama na watu wa kutumwa mashinani. Chama kidogo kina mzigo, kwa sababu hata kusajiliwa kikamilifu kunadai wanachama 1,000 ambao ni wapiga kura katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti. Mgombea huru hana ofisi hizo wala hapati pesa za Hazina ya Vyama vya Kisiasa.

Tena ana masharti yake peke yake. Kifungu cha 85 kinamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Kwa hiyo anayetaka kuhama chama asingoje Mei iishe. Pia anahitaji alama yake ya uchaguzi, nayo huwasilishwa kwa tume ya uchaguzi, IEBC, angalau siku 21 kabla ya uteuzi. Na kama mgombea mwingine yeyote wa urais, lazima awe na mgombea mwenza na shahada ya chuo kikuu.

Matokeo tumeyaona. Mwaka wa 2013 tulikuwa na wagombea wanane wa urais, wote wa vyama. Mwaka wa 2017 walikuwa wanane tena, na watatu kati yao walikuwa huru: Joseph Nyagah, Japheth Kaluyu na Michael Wainaina. Mwaka wa 2022 walibaki wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa huru. Mwimbaji wa nyimbo za injili Reuben Kigame, ambaye haoni, alitaka kuwania bila chama. Karatasi zake zilikataliwa, akaenda mahakamani, lakini siku ya kura jina lake halikuwepo. Mwaka huo huo takwa la nakala za vitambulisho vya waungaji mkono lilizua mvutano hadi kortini.

Je, kizingiti ni kirefu mno? Wako wanaosema ndiyo: kuzunguka kaunti 24 kunahitaji pesa, na asiye na pesa anafungiwa nje hata akiwa na fikra nzuri. Wengine wanasema Rais ni wa nchi nzima, na asiyeweza kupata watu 2,000 katika kaunti 24 atapataje asilimia 25 ya kura katika kaunti hizo 24, kama sheria inavyomdai mshindi? Sitawaamulia. Mjadala huo ni wenu, na bungeni mna wawakilishi wa kuupeleka.

Ninachowaomba ni kujua thamani ya sahihi yenu. Mtu akikujia na karatasi, kwanza muulize ni ya mgombea yupi na ya kiti kipi. Usitie sahihi karatasi tupu. Usiuze sahihi wala kitambulisho chako. Kumbuka pia kwamba unahesabiwa pale ulipojiandikisha kupiga kura: ukiishi hapa na umejiandikisha Busia, sahihi yako ni ya Busia. Na kumuunga mkono mtu ili aingie debeni hakukulazimishi kumpigia kura. Kura yako ni siri.

Mwisho, hakikisha hujaandikishwa katika chama bila kujua. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua hivyo walipoangalia kwenye eCitizen. Kwa anayetaka kuwania kama mgombea huru, kosa hilo linaweza kumfungia njia. Angalia leo, na ukikuta jina lako mahali usipopataka, mwandikie Msajili wa Vyama vya Kisiasa mapema, maana siku za mwisho foleni huwa ndefu na nafasi ni finyu.

Sasa nakaribisha maswali.