Mahali pa Mwenye Kusali
(Maneno ya hotuba kwa watu wa Lwakhakha)



Lwakhakha ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma, na mto wenye jina hilo hilo ndio utengao Kenya na Uganda. Wapitao hapo ni wengi: wachuuzi, waendesha baiskeli, madereva wa malori. Wengi ni Wakristo. Waislamu ni wachache. Adhuhuri au alasiri ikiwadia, Mwislamu aliye safarini hutandika msala wake akaelekea Makka, yaani kaskazini na kukengeuka kidogo mashariki, upande uliko mlima wa Elgon. Mara huja mtu na gunia begani akampitia mbele, na baada ya sala maneno makali huzuka. Ugomvi huo hauna haja, maana asili yake ni kutojua tu.

Katika Hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad alieleza ya kuwa lau mpitaji angejua uzito wa kupita mbele ya mwenye kusali, angeona heri kungoja arobaini. Msimulizi mmoja alikiri kwamba hajui kama ni siku arobaini, miezi au miaka. Basi Mwislamu hukereka si kwa kiburi, bali kwa sababu amefundishwa kuwa hapo ana maongezi na Mola wake.

Lakini sheria haikumlemea mpitaji peke yake. Mwenye kusali naye hana budi kuonyesha mpaka wake. Mtume mwenyewe, alipokuwa uwanjani, alichomekewa mkuki mfupi mbele yake. Kinga hiyo huitwa sutra. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Afrika Mashariki, mtu husali karibu na ukuta au nguzo. Akikosa, huweka fimbo au mzigo wenye urefu wa theluthi mbili za dhiraa. Akikosa, hutandika msala. Na akikosa msala, huchora mstari. Kati yake na kinga hiyo pasizidi dhiraa tatu, kadiri ya mita moja na nusu. Nje ya hapo njia ni ya watu wote. Kwa hiyo asimamaye mlangoni mwa duka au katikati ya kijia, pasipo kinga, amejitakia mwenyewe kusumbuliwa.

Ibn Abbas alisimulia kwamba, alipokuwa kijana, alipita juu ya punda jike mbele ya sehemu ya safu ya wasalio huko Mina, wala hakuna aliyemlaumu. Wanavyuoni wameeleza kuwa sutra ya imamu huwatosha walio nyuma yake.

Mpitaji naye afanye nini? Azunguke nyuma, au apite ng'ambo ya kinga, au angoje; sala ya mtu mmoja kwa kawaida haifiki dakika kumi. Asimwamkie wala asimwulize bei, kwa kuwa hawezi kujibu. Akinyoshewa mkono wa kumzuia, asidhani ametukanwa. Lakini mtoto akikimbilia gurudumu la lori, na apite upesi amwokoe. Hata mwenye kusali huruhusiwa kuikata sala yake kwa ajili ya kuokoa roho.

Naye aliyepitiwa na asiyejua, amweleze kwa upole akisha kutoa salamu. Sala yake haikubatilika. Bali ujirani uliovunjika kwa neno moja la hasira hautengenezeki upesi. Uungwana ni vitendo.