Kinyausi, Adui wa Miche Michanga
Hotuba ya karani mmoja mbele ya wakulima wa mboga wa Temeke



Mimi si bwana shamba. Ni karani, na mkono wangu umezoea kalamu kuliko jembe. Lakini alfajiri na jioni nalima bustani ndogo ya mboga, na jambo nitakalolisema nalijua kwa kuwa lilinipata.

Mwaka mmoja, mwisho wa masika, nalitengeneza kitalu cha nyanya nyuma ya nyumba. Jirani yangu, mama mjane, akanikabidhi mbegu zake nimwoteshee pamoja na zangu, akitumaini kupanda wakati wa kipupwe. Nalizisia zote mahali padogo, maana nalidhani wingi wa mbegu ndio wingi wa miche. Nikamwagilia asubuhi na jioni, hata siku za mvua. Zikaota, na kitalu kikawa kijani kama zulia. Kisha asubuhi moja nikaona mahali penye upana wa kiganja miche imelala chini. Majani yalikuwa mabichi bado, lakini shina lilikuwa limesinyaa pale linapogusa udongo, kana kwamba limefungwa uzi. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Baada ya siku tatu kitalu kizima kilikuwa kimelala. Mimi nalikuwa na mshahara wangu; yule mama hakuwa na nyanya ya kuuza msimu ule.

Ugonjwa huu mabwana shamba huuita kinyausi. Si uchawi, wala si kijicho cha jirani. Huletwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaavyo udongoni. Vikiwahi, huozesha mbegu kabla haijatokeza, na mkulima humlaumu mwenye duka. Vikichelewa, huangusha mche uliokwisha ota. Viumbe hivyo ni vya namna nyingi. Mmojawapo ni wa ukoo wa Pythium, na mwaka 1874 mtaalamu wa Ujerumani, Hesse, alieleza jinsi unavyoangusha miche. Wataalamu wa leo hawauhesabu tena kuwa kuvu halisi, maana una udugu zaidi na mwani. Mbegu zake zina vijimkia viwili, nazo huogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo. Basi amwagiliaye kitalu kilichokwisha lowana humpa adui mtumbwi wa kuvukia.

Yafaa tujue neno hili moja: mche ulioanguka kwa kinyausi hauinuki tena. Hakuna dawa ya kumponya aliyekwisha lala. Kazi yote ni kabla ya kusia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, chagueni mahali. Mabonde yetu, kama la Msimbazi kwa upande wa Kinondoni na la Kizinga huku Temeke, yana maji karibu, lakini udongo wa bondeni hukawia kukauka. Inueni tuta kiasi cha sentimita 15 hadi 20, maji yapate kushuka. Tena msirudie kitalu pale palipokuwa na nyanya, bilinganya au pilipili msimu uliopita.

Pili, tumieni samadi iliyooza sawasawa, wala si mbichi. Wazee wetu walichoma majani makavu au pumba za mpunga juu ya tuta kabla ya kusia, na desturi hiyo ina maana, kwa kuwa moto huua wengi wa viumbe hao katika udongo wa juu. Wengine hulowesha tuta wakati wa jua kali na kulifunika kwa nailoni angavu kwa majuma manne hadi sita, jua lenyewe lifanye kazi ya moto.

Tatu, sieni kwa mistari iliyoachana sentimita 10 au 15, mbegu zikiwa chache. Miche iliyosongamana hunyimana hewa, na ugonjwa hupita toka mmoja hata mwingine.

Nne, mwagilieni asubuhi, kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Kabla ya kumwaga, tieni kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, acheni. Na kivuli cha makuti kipunguzwe kidogo kidogo mara mbegu zikiisha kuota.

Tano, mkiona kipande kimeanguka, kiondoeni pamoja na udongo wake, mkautupe mbali, na jembe lioshwe. Punguzeni maji. Msimpe mtu miche iliyosalia karibu na hapo, maana mtampelekea ugonjwa shambani mwake. Kama mwataka dawa ya kupaka mbegu, mwulizeni bwana shamba kwanza.

Walimu, kitalu cha shule na kiwe mfano. Watoto wakijua, nyumba zao zitajua. Wenyeviti wa mitaa, anayeotesha miche ya kuuza na ahimizwe kuuza iliyo mizima tu.

Ndugu zangu, miche yangu sikuiua kwa uvivu. Naliiua kwa kuipenda bila maarifa. Msimu uliofuata nalimwoteshea yule mama mbegu nyingine kwa gharama yangu, chache, juu ya tuta lililoinuka, nami nikatia kidole kabla ya kumwaga maji. Miche ile ilisimama.