Kilomita Si Kipimo Pekee

Utendaji wa TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, mara nyingi tunausikia kwa kilomita: zilizowekwa lami, zilizochongwa, zilizozibwa viraka. Hesabu hiyo ni rahisi kukagua, na Mfuko wa Barabara, unaotegemea tozo ya mafuta, lazima udai hesabu. Lakini Kilosa, mji uliokumbwa na mafuriko ya mto Mkondoa mwishoni mwa 2009, dereva huuliza jingine: masika iliyopita njia ilifungwa siku ngapi?

Mikumi nako, barabara kuu iendayo Zambia hukatisha hifadhi ya wanyama kwa takribani kilomita 50. Lami nzuri, mwendo mkali, wanyama wanagongwa. Faini za kugonga wanyama zipo, ila makusanyo yake, kwa maoni yangu, ni ushahidi wa kushindwa. Meneja wa TANROADS wa mkoa aulizwe wanyama wangapi wamegongwa, na matuta yaongezwe wapi.