Nafasi ya Mwanamke Katika Uongozi wa Uhusiano wa Umma



Leo tumekusudia kuizungumzia kazi yetu wenyewe, yaani uhusiano wa umma. Kwa kazi hii taarifa ya polisi humfikia mwananchi, na neno la mwananchi huifikia polisi. Katika nchi kama Uingereza na Marekani, wanawake ndio wengi katika fani hii, lakini viti vya juu hukaliwa zaidi na wanaume. Mwanamke huandika tangazo. Mwanamume huamua liseme nini.

Kwetu sisi jambo hili linagusa usalama. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, na lile la Palma la Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wameyahama makazi yao, na wengi wao ni wanawake na watoto. Mwanamke ndiye aendaye kisimani, shambani na ufukweni maji yakipwa; huenda akawa wa kwanza kumwona mtu asiyejulikana. Lakini tangazo likitungwa kwa Kireno na kusomwa walipo wanaume peke yao, yeye hulipata limechelewa au limepungua. Na aliyedhulumiwa mwili wake huona haya kumweleza mwanamume. Akinyamaza yeye, nasi hubaki gizani.

Uongozi wa mwanamke si jambo geni kwetu. Katika mila za Wamakua, apwiyamwene hukaa karibu na chifu, na neno lake husikilizwa. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, aliitumikia FRELIMO katika uhusiano wa kimataifa na mambo ya jamii. Luísa Diogo alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2004 hadi 2010. Ng'ambo ya Ruvuma, Advera Senso alipata kuwa Msemaji wa Jeshi la Polisi Tanzania.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, binti aachwe amalize shule, kwani pasipo elimu hakuna cheo. Pili, kila kijiji kinapochagua wajumbe wa ulinzi wa jamii, kimchague na mwanamke mwenye haki ya kusema kikaoni, wala asiwekwe kwa ajili ya kuandaa chai. Tatu, tangazo la kijiji lisomwe kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, mahali ambapo akina mama wapo.

Nasi tulio ndani ya kazi hii tuna wajibu wetu: askari wa kike anayepokea malalamiko ya wananchi kila siku apewe pia nafasi ya kuamua yatakayotangazwa. Mkono mmoja haulei mwana, wala haulindi mpaka.