Si Kila Mgonjwa Hunyweshwa Uji



Katika hospitali nyingi za umma nchini Tanzania chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani kwake. Asubuhi, adhuhuri na jioni jamaa husimama langoni na vikapu vyao wakingoja kuruhusiwa kuingia wodini, na endapo mgonjwa wao ameshindwa kula, aghalabu ndani ya kikapu hicho mna chupa ya uji mwepesi. Uji huo umekuwa ndio jibu la kila swali. Mzee aliyepooza upande mmoja hupewa uji. Mama ambaye nyama na ugali vimekataa kupita kifuani hupewa uji. Kibogoyo hupewa uji, na mwenye vidonda vya tumbo naye hupewa uji huo huo. Hapana awezaye kuwalaumu jamaa hao, maana walifanyalo ni la huruma. Hata hivyo, wagonjwa hao wanne hawana ugonjwa mmoja, na uji unaomfaa mmoja wao waweza kumwua mwingine.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuonyesha tofauti iliyopo. Mtu hupaliwa, na mtu hukwamwa. Apaliwaye, chakula au maji yamempotea njia yakaingia palipo pumzi. Akwamwaye, chakula kimefuata njia yake barabara, ila njia hiyo imekuwa nyembamba. Wa kwanza adui yake mkubwa ni maji. Wa pili adui yake ni tonge. Anayewalisha wote wawili kwa chupa moja hajatofautisha mambo haya, na ni wajibu wa kila anayeuguza kuyatofautisha kabla hajashika kijiko.

Apaliwaye sana ni mgonjwa wa kiharusi. Maradhi haya si mageni tena. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta ya kwamba, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, watu zaidi ya 100 katika kila 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka huko Hai, na zaidi ya 300 huko Dar es Salaam. Karibu nusu ya wapatwao na kiharusi huwa na shida ya kumeza katika siku za mwanzo. Wengi wao hupata nafuu ya koo baada ya majuma machache, ikiwa watayafikia majuma hayo.

Yafaa ieleweke kumeza ni kazi ya namna gani. Njia ya pumzi na njia ya chakula zinapakana kooni. Kila tonge lipitapo, zoloto, yaani lile koromeo linaloonekana likipanda shingoni mwa mwanamume amezapo, huinuka. Njia ya pumzi hufungwa, umio hufunguliwa, na yote hayo hutimia kwa muda upatao sekunde moja. Kiharusi huichelewesha kazi hiyo. Sasa maji, chai na uji mwepesi ni vitu vyenye mbio. Hufika mlangoni kabla mlango haujafungwa, vikaingia mapafuni pamoja na vijidudu vya kinywani. Siku chache baadaye mgonjwa hushikwa na homa na kichomi, na nyumbani husemwa kwamba kiharusi kimemrudia.

Isitoshe, si kila apaliwaye hukohoa. Kiharusi chaweza kuua hisia za koo lenyewe, kikombe kikaisha bila mgonjwa kukohoa hata mara moja, na jamaa wakafurahi kwamba leo amekunywa vizuri. Dalili za kutazama ni nyingine: sauti inayokuwa na majimaji baada ya kumeza, pumzi zinazokwenda mbio wakati wa kula, chakula kinachobaki shavuni upande uliopooza, na homa isiyo na sababu. Mgonjwa wa kiharusi asipewe kitu chochote kinywani, hata maji ya kumezea dawa, mpaka umezaji wake upimwe na mganga au muuguzi anayejua kazi hiyo. Wataalamu waliosomea tiba ya umezaji ni wachache mno nchini, kwa hiyo mzigo huu unawaangukia wauguzi wa kawaida. Ikionekana koo halijawa tayari, mpira wa kulishia utiwao puani si hukumu ya kifo kama wengi wanavyodhani. Ni daraja la kuvukia majuma yale machache.

Akisharuhusiwa kula, ndipo uzito wa chakula unapokuwa jambo la kupimwa wala si la kukisia. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamekwisha kukubaliana juu ya ngazi nane, kuanzia 0 ambayo ni maji matupu hadi 7 ambayo ni chakula cha kawaida, na vipimo vyao havihitaji maabara. Bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano yenyewe, hujazwa kinywaji, likaachiwa kwa sekunde 10. Maji yote huwa yamekwisha. Kinywaji cha uzito wa wastani hubaki zaidi ya mililita 8, na kilicho kizito zaidi hakidondoki kabisa bali hushuka kwa fungu kijiko kikiinamishwa. Kwa vyakula vilivyopondwa hutumika uma: vipande vya mtu mzima visizidi milimita 4, kiasi cha kupenya kati ya meno ya uma, na kipande laini kikandamizwapo kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba ugeuke mweupe, hakina budi kupondeka na kisirudi katika umbo lake. Ngazi imfaayo mgonjwa huamuliwa na aliyempima, maana uzito nao una hasara zake: kinywaji kizito kupita kiasi hubaki kooni, na mgonjwa akichoka kukinywa hukaukiwa maji mwilini.

Hapa pana jambo dogo ambalo wapishi wengi hawalijui. Mate ya binadamu yana kimeng'enya kinachoyeyusha wanga. Kijiko kilichotoka kinywani kikirudishwa katika bakuli la uji mzito mara kwa mara, uji ule hugeuka mwepesi pole pole, na vijiko vya mwisho huwa ni maji. Kwa mtu mzima wa afya si kitu. Kwa aliyepooza koo, hatari ya mwanzo imerudi kwa mlango wa nyuma. Uji wake na ugawanywe katika vibakuli vidogo.

Namna ya kulisha nayo ni nusu ya tiba. Mgonjwa akalishwe wima, si kulazwa chali akamiminiwa. Kidevu kisiinuliwe juu. Kijiko kiwe kidogo, na cha pili kisifuate mpaka zoloto lionekane limepanda na kushuka. Mazungumzo yangoje. Baada ya kula abaki amekaa kwa nusu saa, na kinywa chake kisafishwe, hata kama hana jino moja, kwa sababu uchafu wa kinywani ndio uingiao mapafuni pamoja na mate.

Sasa aangaliwe yule akwamwaye. Ukanda wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia hadi Malawi, unajulikana duniani kwa wingi wa saratani ya umio. Mgonjwa wake husimulia habari ile ile: kwanza nyama ilikataa, kisha ugali, kisha wali, na sasa ni uji tu upitao. Mtu akwamwaye namna hii kwa majuma mawili au matatu mfululizo aende hospitali, wala asibadilishe chakula akangoja. Uji unaopita vizuri ndio uwachelewao wengi, kwa maana huificha hatari mpaka nao ukatae. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 yumkini husababisha saratani hiyo. Wale wanaojisifu kunywa chai ikiwa inatokota wangefanya vyema kuingoja kidogo.

Mgonjwa huyu uji unamfaa, tena hata ukiwa mwepesi, lakini umahiri unatakiwa katika kuupika, kwa sababu adui wake wa pili ni njaa. Uji mwepesi wa kawaida huwa na gramu 50 hivi za unga katika lita moja. Unga huo una nishati ipatayo kilokalori 175. Mtu mzima aliyelala kitandani huhitaji kilokalori 1,500 au zaidi kwa siku, nazo ni lita nane na nusu za uji huo! Hapana koo la mgonjwa liwezalo kazi hiyo. Huonekana anakula kutwa, kumbe anakufa kwa njaa mbele ya macho ya wanaompenda.

Dawa ya tatizo hili haikutoka ng'ambo. Wapika pombe wa vijijini wanaijua tangu kale, nayo ni kimea. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilieneza matumizi ya unga wa kimea katika uji wa watoto wachanga, na lililomfaa mtoto laweza kumfaa mtu mzima. Mtama au ulezi huloweshwa, huachwa uote, hukaushwa, machipukizi yake hupukuswa yote kwa kuwa yale ya mtama yana sumu, kisha husagwa. Uji hupikwa mzito kwa unga mwingi, hata mara nne ya kawaida, ukaachwa upoe kiasi cha kuvumilika kinywani. Kijiko cha kimea kikitiwa na kukorogwa, katika dakika chache uji ule mzito hulegea ukawa wa kunyweka, na unga wote ungali ndani yake. Huchemshwa tena kidogo. Hapo huongezwa maziwa, tui la nazi, yai lililopigwa na kuivishwa humo, au karanga zilizosagwa laini na kuyeyushwa kabisa. Lakini kimea hicho hicho kisisogezwe karibu na bakuli la aliyepooza koo, kwani kazi yake ni kulegeza, na huyo hataki kilicholegea.

Kibogoyo ndiye mwenye haki ya kulalamika kuliko wote. Koo lake zima, tumbo lake zima. Alichokosa ni meno tu, lakini kwa kukosa meno ameondolewa mkekani na kupewa kikombe. Jambo hili ni uvivu wa jiko. Wachaga wana mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa pamoja. Watu wa pwani na visiwani wana bokoboko, ngano na nyama iliyopigwa mpaka ikasahau kwamba ilikuwa nyama. Mlenda wa Dodoma na Singida hulainisha ugali. Boga, viazi vitamu, parachichi, ndizi za Bukoba, samaki aliyetolewa miiba yote, dagaa waliotwangwa kuwa unga na kuchekechwa: hivi vyote ni chakula cha mtu mzima. Vinavyomsumbua ni makande yenye maganda, wali mkavu na nyama ya nyuzi. Chungu ni kimoja. Kabla ya pilipili kutiwa, sehemu yake huchotwa ikapitishwa kinuni.

Kuhusu mwenye vidonda vya tumbo maneno hayahitaji kuwa mengi. Zamani madaktari waliwalisha wagonjwa hao maziwa na malai kila saa. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria aletaye sehemu kubwa ya vidonda hivyo, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tiba ni dawa za kumwua bakteria huyo na za kupunguza asidi. Mgonjwa ale chakula chake, aache kile tu ambacho yeye mwenyewe ameona kinamwumiza.

Yabaki maswali ambayo jamaa yawapasa kuyauliza kabla ya kutoka wodini na mgonjwa wao. Je, anapaliwa au anakwamwa? Chakula chake kiwe na uzito gani, na nani atakayewaonyesha kwa macho bakuli lenye uzito huo? Kipimo kingine kitafanywa lini, ili kama koo limepona asiendelee kupondewa chakula bila sababu? Na alikuwa na kilo ngapi siku alipoingia? Kilo hizo na ziandikwe katika cheti chake, kisha apimwe kila juma katika zahanati iliyo karibu.